Mtu wa Elfu Hamsini

Jumapili moja ya mwezi wa pili nilisimama mbele ya wanakikundi wenzangu, daftari mkononi, nikatangaza kwa sauti ya mtu anayejua anachosema: "Wastani wetu ni shilingi elfu hamsini kwa mwezi. Napendekeza kuanzia mwezi ujao hicho ndicho kiwe kiwango cha chini. Hakuna atakayeumia, maana ndicho tunachoweka tayari."

Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutafuta kandambili zake.

Kikundi chetu ni cha watu 21. Kipo Tanga, kilianza kama upatu wa mtaa, kikakua kikawa kikoba chenye katiba, sanduku na kufuli tatu. Tunakutana uani kwa bi mkubwa mmoja anayeuza vitumbua asubuhi. Tunakaa mkekani, chai ya tangawizi inapita, vitumbua vilivyobaki vinapita pia. Mimi ndiye mhazini. Walinichagua kwa sababu moja tu, kwamba kazi yangu ya ofisini ni takwimu. "Huyu hesabu ndiyo ugali wake," mwenyekiti alisema siku ya uchaguzi, na mambo yakaishia hapo.

Bi mkubwa akaweka kikombe chini. "Mwanangu, huyo mtu anayeweka elfu hamsini ni nani? Mbona mimi simjui?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikafungua daftari nimwoneshe. Nikapita jina moja moja kwa kidole, kuanzia juu hadi chini, kisha nikarudi kuanzia chini hadi juu. Hakuwepo. Katika kikundi kizima hapakuwa na mtu hata mmoja anayeweka elfu hamsini.

Hili hapa daftari lenyewe, bila majina. Watu wanane walikuwa wanaweka 10,000 kila mwezi. Sita wanaweka 20,000. Wanne 30,000. Mmoja 40,000. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi 190,000. Halafu yupo kijana wetu aliyeko Muscat, anayetuma kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa: 500,000. Jumlisha zote, unapata 1,050,000. Gawanya kwa 21, unapata 50,000 kamili, bila hata shilingi ya kubaki. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na watu 19 kati ya 21 walikuwa chini ya huo wastani wangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu kumi na tisa nikiwaambia kwamba hakuna atakayeumia.

Nililala vibaya usiku ule. Kukosea hesabu ni jambo la kawaida, unafuta unaanza upya. Kilichoniuma ni kwamba sikukosea hesabu.

*

Neno lenyewe lina mchango wake katika kosa hili. "Wastani" limetokana na Kiarabu, lina undugu na *wasat*, katikati. Na katika mazungumzo ya kila siku bado tunalitumia hivyo hivyo: mtu wa hali ya wastani ni yule asiye tajiri wala fukara, aliye katikati ya watu. Ukimwambia bi mkubwa "wastani wetu", picha inayomjia ni ya mtu wa katikati ya mkeka. Lakini tulipoingia darasani mwalimu alichukua neno lilelile akatufundisha kitu kingine: jumlisha, gawanya kwa idadi. Neno likabaki na maana ya katikati, hesabu ikawa ya mgawanyo. Mambo haya mawili hukutana mara nyingi kiasi kwamba tunasahau kuwa ni mawili. Siku yanapoachana, mtu anasimama na daftari mbele ya watu na kuaibika.

Kuna hesabu nyingine ambayo ndiyo hasa inayomtafuta mtu wa katikati. Sekondari walituambia ni mediani. Huhitaji kujumlisha chochote. Unawapanga watu kwenye foleni, kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi, unahesabu hadi katikati, unamwuliza aliyesimama pale ana ngapi. Kwetu sisi katikati ya 21 ni mtu wa 11. Wanane wa kwanza ni wa elfu kumi, kwa hiyo wa 11 anaangukia kwa wale wa elfu ishirini. Mediani ya kikundi: 20,000. Na kiwango kinachojirudia kuliko vyote, ile wanayoiita modi, ni 10,000.

Tazama sasa. Kikundi kilekile, daftari lilelile: wastani elfu hamsini, mediani elfu ishirini, modi elfu kumi. Ukinipa hiari ya kuchagua, naweza kukutungia hadithi tatu tofauti kuhusu sisi, na zote zikapita kwa mkaguzi.

Fanya jaribio moja. Mwondoe kijana wa Muscat kwenye daftari. Jumla inashuka hadi 550,000, watu wanabaki 20, wastani unakuwa 27,500. Mtu mmoja ameondoka, wastani umekatika karibu nusu. Mediani je? Bado elfu ishirini, kana kwamba haikusikia habari. Sasa mrudishe, na mfanye atume milioni tano badala ya laki tano. Wastani unaruka hadi zaidi ya laki mbili na nusu. Mediani haijatikisika, maana yule kijana bado amesimama palepale, mwisho wa foleni, na foleni haijali mtu wa mwisho ana mfuko mkubwa kiasi gani.

Hapo ndipo wengi wanaosoma makala kama hii huamua kwamba wastani ni mwongo na mediani ndiyo mkweli. Nami niliamua hivyo, kwa kama wiki mbili. Kisha ukaja msiba.

Alifariki mzee wa mtaa wetu na kikundi kikapewa kazi ya chakula. Tukamwita mpishi wa shughuli, mama mwenye masufuria yanayoweza kuogeshea mtoto. Nikamsikia anauliza: "Watu wangapi? Mia tatu? Mchele kilo hamsini." Nikapiga hesabu kichwani, kilo moja kwa watu sita. Nikamwuliza, na wale vijana wachimba kaburi wanaorudi mara mbili? Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama maji yanalowesha. "Hao wamo. Na watoto wanaoacha nusu sahani wamo. Mimi sipikii mtu mmoja mmoja, napikia sufuria."

Napikia sufuria. Nilitamani kuandika maneno hayo kwenye jalada la daftari. Mpishi anahitaji jumla, na wastani ndio pekee ambao ukiuzidisha kwa idadi ya watu unakurudishia jumla. Mediani haina uwezo huo. Chukua mediani yetu ya 20,000, zidisha kwa 21, unapata 420,000, wakati sandukuni mna zaidi ya milioni. Mhazini anayepanga mikopo ya mwezi kwa kutumia mediani atawanyima watu fedha iliyopo. Bima inafanya kazi kwa wastani, na mtu anayeagiza unga wa mwezi kwa bweni asijaribu kitu kingine.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza ni kama ninayemhesabia anapikia sufuria au anakaa kwenye foleni. Nilipokuwa napanga mikopo, elfu hamsini ilikuwa namba yangu halali. Nilipoigeuza ikawa amri kwa kila aliyekaa mkekani, niliipeleka kusikokuwa kwake.

Modi naipitia haraka, ingawa wafanyabiashara huitumia kuliko wasomi. Muuza viatu vya mtumba hana shida na wastani wa miguu ya wateja wake. Ukimwambia wastani ni saizi 41.3 atakuuliza hicho kiatu kinatengenezwa nchi gani. Anachotaka kujua ni saizi ipi inaulizwa zaidi, aijaze mbele ya meza. Ni yaleyale ya Sensa ya 2022, iliyosema kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Kwa anayekadiria idadi ya nyumba zinazohitajika nchini, namba hiyo ni dhahabu. Kwa anayenunua sahani, ni kichekesho.

Na wakati mwingine katikati pako tupu kabisa. Sisi Tanga mvua zetu zina misimu miwili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Chukua mvua ya mwaka mzima uigawe kwa 12. Utapata mwezi wa kiasi, si mkavu wala si wa mafuriko. Mkulima atakayepanda kwa kuufuata mwezi huo atavuna majani, kwa sababu karibu haupo kwenye kalenda. Mediani nayo haimsaidii. Data yenye nundu mbili haiombi namba ya katikati, inaomba uzitaje nundu zote mbili.

*

Kuna wastani wengine wawili ambao hatukufundishwa vizuri, na nadhani wanatugharimu fedha kuliko huu wa kwanza.

Wa kwanza alinionesha bi mkubwa mwenyewe bila kujua. Ananunua mchele wa vitumbua kwa bajeti: kila safari ya sokoni anatenga 30,000. Mwezi fulani kilo ilikuwa 2,000, mwezi uliofuata ikawa 3,000. Nikiandika kwenye daftari lake la biashara (ndiyo, na hilo nalishika mimi), nikaweka bei ya wastani 2,500. Nani asingeweka? Lakini tazama magunia. Safari ya kwanza 30,000 ilimpa kilo 15, ya pili ikampa kilo 10. Jumla kilo 25 kwa shilingi 60,000. Hiyo ni 2,400 kwa kilo. Ile 2,500 ingekuwa kweli kama angenunua kilo sawa kila safari. Yeye hanunui hivyo. Anaweka fedha sawa, kwa hiyo bei ikiwa nafuu anabeba kingi, ikipanda anabeba kidogo, na bei nafuu inapata uzito zaidi kwenye hesabu. Wanahisabati wanaliita hili wastani wa harmoniki, jina linalotisha bure. Ni hesabu ileile ya basi linalokwenda kwa kilomita 80 kwa saa na kurudi kwa 40 kwa njia ileile: wastani wa safari nzima ni kama 53, wala si 60, kwa sababu kwa mwendo mdogo basi lilikaa barabarani mara mbili zaidi.

Wa pili unahusu vitu vinavyozidishana. Biashara ikipanda asilimia 50 mwaka huu na kushuka asilimia 50 mwaka ujao, mtu atakwambia kwa wastani imesimama palepale. Weka laki moja mezani: inakuwa laki na nusu, kisha inakuwa 75,000. Robo imepotea na "wastani" unasema sifuri. Hapa inabidi kuzidisha badala ya kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo. Ndiyo wastani wa kijiometri.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko ni asilimia 37.4 ndani ya miaka kumi, na mwenye haraka anagawanya kwa kumi: asilimia 3.74 kwa mwaka. Taarifa rasmi ikasema 3.2. Niliwahi kumsikia mtu kwenye kijiwe cha kahawa akidai serikali imeficha watu. Haikuficha mtu. Waliozaliwa mwaka wa kwanza wamo kwenye msingi wa mwaka wa pili, ongezeko linaongezekea juu ya ongezeko, ndiyo maana kiwango cha kila mwaka lazima kiwe kidogo kuliko mgao wa juu juu. Ukilazimisha 3.74 kwa miaka kumi utafika karibu milioni 65. Yaani umewazaa zaidi ya watu milioni tatu kwa kalamu.

UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, nao walibadili mkono. Hadi mwaka 2010 fahirisi yao ya maendeleo ya binadamu, inayopima afya, elimu na kipato, ilitumia wastani wa kujumlisha. Tangu mwaka huo wanatumia wa kijiometri. Sababu yake naipenda. Nchi ikipata 0.9 kwenye kipato, 0.9 kwenye afya na 0.3 kwenye elimu, wastani wa kawaida unaipa 0.7, fedha imeziba shimo la shule. Kwa kuzidisha zote tatu na kutafuta kipeuo cha tatu inapata kama 0.62. Udhaifu wa sehemu moja unavuta zote, kama mguu mmoja wa kitanda ukivunjika.

*

Lakini nisije nikawaacha na imani kwamba anayejua mediani amepona. Mwaka 1982 mwanasayansi wa Marekani Stephen Jay Gould aliambiwa ana mesothelioma, saratani mbaya ya utando. Akaenda kusoma, akakuta imeandikwa kwamba mediani ya kuishi baada ya kugunduliwa ni miezi minane. Mtu mwingine angesoma hivi: "Nina miezi minane." Gould alikuwa mtu wa takwimu, akasoma tofauti: nusu ya wagonjwa wanaishi zaidi ya miezi minane, na kwa upande huo foleni haina ukuta, inaweza kwenda mbali sana. Akajiuliza yeye yuko upande upi: umri wake ulikuwa mdogo, ugonjwa uligunduliwa mapema, anapata tiba. Aliishi miaka 20. Alifariki 2002, kwa saratani nyingine.

Sehemu hii niliisoma mara tatu. Mediani ilimwambia kweli kuhusu mtu wa katikati, ikakaa kimya kuhusu mkia, yaani wale wa mwisho kabisa wa foleni. Ni jambo lilelile la kijana wetu wa Muscat, likitazamwa kutoka upande wa pili: kwenye sanduku la kikundi mkia ulinidanganya, kwa Gould mkia ulikuwa ndio uhai.

*

Turudi uani. Baada ya aibu yangu, kiwango cha chini kilikuwa bado hakijapatikana, na kila mkutano ulikuwa mabishano. Mwenye duka anasema angalau elfu themanini, mwingine anasema elfu tano, na kila mmoja anaongeza chumvi kwa sababu anajua tutakutana katikati. Ukitaka kikomee kwenye elfu ishirini, unapiga kelele ya laki moja.

Ndipo nikakumbuka habari ya Francis Galton. Simpambi mtu huyu, maana ndiye aliyeasisi fikra zile mbaya za kuchagua nani azae na nani asizae. Lakini mwaka 1906 alipata karatasi za maonyesho ya mifugo ya Plymouth, Uingereza, ambako watu walikuwa wamelipa kukisia uzito wa ng'ombe baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Alikuwa na karatasi 787. Akazipanga, akaangalia ya katikati: ratili 1,207. Uzito halisi ulikuwa 1,198. Na hoja yake ilivuka ng'ombe. Alisema baraza linaloamua litoe fedha kiasi gani lisitumie wastani, maana wastani unampa mtu mwenye mawazo ya ajabu nguvu ya kura kulingana na uajabu wake. Tumia ya katikati: hapo nusu wanaona ni nyingi, nusu wanaona ni kidogo, na kelele ya laki moja haina uzito kuliko kelele ya elfu ishirini na moja. (Baadaye alipopiga wastani wa kawaida wa zile karatasi za ng'ombe ukatoka 1,197, ratili moja tu pembeni. Wakisiaji wengi, wanaokosea juu na chini bila kupangana, hufutana makosa. Lakini waliokuwa wanakisia ng'ombe hawakuwa wanavutia kamba kwao.)

Nikawaambia wenzangu: kila mtu aandike kwenye kikaratasi kiwango anachokiona kinafaa, bila jina. Tutavipanga mkekani, tutachukua cha katikati. Kupiga chumvi hakutakusaidia. Wakakubali, zaidi kwa uchovu kuliko kwa kuelewa. Wa Muscat akatuma cha kwake kwa mwenyekiti, mwenyekiti akakinakili.

Tukavipanga, kuanzia cha elfu tano hadi cha laki tatu. Cha laki tatu hakikufanya lolote, kilikaa tu mwisho wa mkeka. Nilikuwa naanza kujisikia vizuri tulipofika kwenye kikaratasi kimoja kisicho na namba. Kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: *Mungu ndiye anayejua.*

Kiwekwe wapi? Mwenyekiti akasema mwanzo, kwa kuwa huyo hana. Mwenye duka akasema mwisho, kwa kuwa Mungu hana mpaka. Tulibishana mpaka chai ikapoa, tukaamua kukitoa. Wakabaki ishirini, na ishirini haina mtu mmoja wa katikati, ina wawili. Cha kumi kilisema 15,000. Cha kumi na moja kilisema 20,000. Nikaeleza, kwa sauti ndogo safari hii, kwamba kanuni inasema tukifika hapa tunajumlisha hivyo viwili na kugawanya kwa mbili.

"Elfu kumi na saba na mia tano," nikasema.

Bi mkubwa akanitazama. "Na huyo naye ni nani?"

Tukaandika elfu kumi na tano.